Taa Iliwaka Kijani

Barua yangu ya kwanza
Jumanne, 3 Machi

Mdogo wangu Kitinda,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Hakuna aliyefariki hapa nyumbani, Baba mzima, bado anagombana na redio. Mwenye matatizo ni mimi.

Simu yangu hospitali wameichukua, na kompyuta pia, eti za uchunguzi. Hata ningekuwa nayo nisingekupigia, maana ukiniitikia tu "Dada" nitaanza kulia, na nikianza kulia sitasema la maana. Basi tufanye kama enzi za bweni, Baba alipotulazimisha kuandikiana: namba ya barua juu, na kabla hujaanza maneno yako useme umepata yangu ya ngapi. Ile ya kuandika idadi ya karatasi tuiache, hatuandikiani vitabu. Mzee alikuwa mpanga barua wa posta mpaka chumbani kwake.

Sikiliza sasa. Alhamisi, wiki mbili zilizopita, mashine ya kupima damu pale maabara ilikwama asubuhi nzima. Ilipozinduka, saa tano, nikawa na majibu mawili ya wodi ya wanawake, kitanda namba nne na kitanda namba sita. Namba nne hakuwa na neno. Namba sita ni mama mmoja fundi cherehani, amelazwa kwa figo, na potasiamu yake ilikuwa juu mno, ile ya kusimamisha moyo wakati wowote. Nikabonyeza "tuma zote" kwenye programu yako. Taa ikawaka kijani. Imetumwa.

Nilikuwa nimeshainua mkono wa simu ya mezani niwaambie wodini kwa mdomo, kama tulivyokuwa tukifanya zamani kwa majibu ya hatari. Halafu nikaiona ile taa. Nikakumbuka metroni alivyotufokea kwenye kikao: tumeletewa programu, simu za nini tena? Nikaurudisha mkono wa simu mahali pake.

Wodini lilifika jibu la namba nne peke yake. Saa nane mchana yule mama alikuwa ameshafariki.

Wanasema sikutuma. Kwenye kompyuta yangu imeandikwa "imetumwa", kwenye ya wodi hakuna kitu, kwa hiyo wanasema niliingia baadaye nikajiandikia mwenyewe ili nijifiche. Baraza litakaa tarehe 30 mwezi huu kuamua leseni yangu. Miaka kumi na tisa ya kuchungulia hadubini, Kitinda, na mimi sijui kazi nyingine.

Baba hajui lolote. Kila asubuhi navaa koti langu jeupe, namuaga, naenda kukaa maktaba ya manispaa mpaka saa tisa na nusu. Nimeshasoma magazeti yote mpaka matangazo ya mnada. Usiniandikie nyumbani, unajua Baba anavyochambua bahasha. Tumia sanduku la mpishi wa kantini ya hospitali, anwani nimeiandika nyuma.

Programu hii umeitengeneza wewe kwa mikono yako. Niambie kitu kimoja tu: inaweza kupoteza majibu?

Dada yako

*

Barua yangu ya kwanza
Jumatatu, 9 Machi

Dada, shikamoo.

Nimepata barua yako ya kwanza. Nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, mkoba bado begani. Pole sana. Sijui niandike nini kingine kwa hilo, pole.

Swali lako nalijibu kama lilivyo. Kompyuta ya maabara na ya wodi zinaongea kwa utaratibu unaoitwa TCP. Utaratibu huu ni Baba mtupu. Kila kipande cha data kinapewa namba kabla ya kuondoka. Upande wa pili ukikipata, unajibu "nimepata mpaka namba fulani". Jibu lisiporudi, kipande kinatumwa tena, na tena. Vikifika vimepishana, vinapangwa upya kwa namba zake. Dunia nzima inautegemea. TCP haipotezi hata herufi moja, Dada. Programu yangu imekaa juu yake, kwa hiyo kilichotumwa kinafika.

Ndiyo maana naomba nikuulize, na siulizi kwa ubaya: una uhakika ulibonyeza "tuma zote"? Haiwezekani ulibonyeza ya namba nne tu, na kwa ule msongamano wa asubuhi akili ikakwambia umetuma zote? Inatokea kwa watu makini kabisa.

Nitachunguza upande wangu. Usikae sana maktaba bila kula.

Kitinda

*

Barua yangu ya pili
Jumamosi, 14 Machi

Kitinda,

Nimepata barua yako ya kwanza. Marahaba, ingawa hukustahili.

"Siulizi kwa ubaya!" Hayo ndiyo maneno yaleyale ya mwenyekiti wa kamati ya hospitali, tena na yeye aliinamisha kichwa hivyohivyo. Nilibonyeza zote. Ningeweza kukuchorea kidole changu kilivyokuwa. Usinifundishe kazi yangu, mimi sijakufundisha yako. Na mimi nimekuosha pua wewe.

Nakuandikia habari moja ambayo sijamwambia mtu. Mume wa marehemu anakuja kusimama getini kwa hospitali kila siku ya kazi. Mtu mrefu, kimya, amevaa shingoni futi ya kupimia nguo ya mkewe. Jumatano nilienda kuchukua barua yako kwa mpishi, akanisimamisha. Akaona koti langu. Akasema, "Samahani dada, wewe ni wa humu?" Nikasema ndiyo. Akasema wateja wa mkewe wanakuja nyumbani kudai nguo zao, na yeye hajui ipi ya nani, nyingine hazina mikono, nyingine zimekatwa tu bado hazijaunganishwa. Halafu akaniuliza, taratibu kabisa, "Unamjua huyo wa maabara aliyesahau?"

Nikamwambia simjui.

Nimemkana mbele ya mtu, Kitinda, na aliyekanwa ni mimi. Nilitembea mpaka maktaba. Tangu siku hiyo napita mlango wa nyuma, wa kufulia.

Na nyumbani mambo yanaelekea kuharibika. Jana Baba ameninusa nilipokuwa namwekea chai, akasema, "Siku hizi hunuki dawa." Nikamwambia tumebadilishiwa sabuni. Akasema aah. Unaijua ile "aah" yake.

Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi anasema kinachoweza kuniokoa ni mtu anayeijua programu aseme mbele ya baraza kwamba kosa linaweza kuwa kwenye programu. Hata akisema "linaweza" tu. Sikuombi uongo. Nakuomba uangalie kweli, uangalie kama hujawahi kujiamini maishani mwako. Nakusihi, mdogo wangu. Sina mwingine wa kumwandikia.

Dada yako

*

Barua yangu ya pili
Jumatano, 18 Machi

Dada, shikamoo.

Nimepata barua yako ya pili. Habari ya yule mume imenikaa kifuani, nimeshindwa kula mchana.

Nimefanya kama ulivyosema. Nimeweka kompyuta mbili juu ya meza yangu, moja maabara, nyingine wodi, nimetuma majibu mia tatu. Nimefanya kwa uangalifu wote: natuma moja, nasubiri mpaka lionekane upande wa pili, ndipo natuma jingine. Mia tatu yote yamefika. Nimechomoa waya katikati, nikaurudisha, yakafika. Nikisema kwamba kuna kosa, nitakuwa nasema nisichokiona.

Kuna jambo jingine la upande wa ofisi ambalo siwezi kuliandika sasa. Bosi hataki mtu yeyote aandike kwa baraza bila ruhusa yake. Nitakueleza vizuri tukionana.

Muda bado upo, tusikurupuke. Nitaendelea kujaribu nikipata nafasi. Wewe pumzika, na ukimwona yule bwana mpite tu.

Kitinda

*

Barua yangu ya nne, na ya mwisho
Jumanne, 24 Machi

Kitinda,

Barua yako ya pili niliipata Jumamosi. "Muda bado upo." "Nikipata nafasi." Niliisoma mara tano nikidhani kuna mstari nimeuruka.

Jana wamenifutia leseni.

Mwakilishi wa chama aliomba wasubiri kidogo, akisema huenda kuna shahidi yuko njiani. Kila mlango ulipofunguliwa niligeuka. Mara ya kwanza alikuwa mhudumu wa maji. Mara ya pili karani. Mara ya tatu alikuwa yule mume wa marehemu, akakaa kiti cha nyuma, na hapo ndipo aliponijua mimi ni nani. Aliniangalia muda mrefu.

Halafu mwenyekiti akasoma maelezo kutoka kwa watengenezaji wa programu. Nayakumbuka yote. "Utaratibu wa mawasiliano unaotumika hauruhusu ujumbe kupotea. Iwapo jibu halikuonekana wodini, basi halikutumwa." Ya tarehe 26 Februari. Wakanipa niione. Chini pameandikwa mhandisi mkuu wa programu, na saini. Saini hiyo naijua tangu ulipokuwa unaiga ya Baba kwenye ripoti za shule, ina mkia uleule.

Siku tano kabla sijakuandikia barua ya kwanza, ulikuwa umeshanizika. Halafu ukanijibu pole sana. Ukaniambia nipumzike. Ungenikatalia waziwazi ningelia siku moja nikamaliza, lakini umeniacha nikiukodolea macho mlango mbele ya watu.

Nilirudi nyumbani saa nne asubuhi bila koti. Baba alikuwa uwanjani anaanika blanketi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama hapohapo kwenye kamba. Alichouliza ni kimoja: "Kitinda anajua?" Nikasema anajua kila kitu, Baba. Akaendelea kubana vibanio kwenye blanketi, akavimaliza vyote.

Kuna rufaa ndani ya siku ishirini na moja. Ya nini sasa? Usije. Usiandike. Kazi zako njema.

Dada

*

Barua yangu ya tatu
Karatasi: tatu
Jumamosi, 28 Machi

Dada yangu,

Umeniambia nisiandike. Soma hii tu, halafu uichane.

Nimepata barua yako ya nne. Nilikuwa nimepata ya kwanza na ya pili. Ya tatu sikuipata. Jana nilipoona "ya nne" pale juu nilisimama kama mtu aliyekosea nyumba. Baba alitufundisha namba ikiruka, barua haijapotea mpaka uitafute. Nikatoa bahasha zako zote kwenye droo. Nikaichukua ile ya tarehe 14, nikaigeuza juu chini, nikaikung'uta. Ikadondoka karatasi nyembamba iliyokuwa imegandana na nyuma ya bahasha.

"Barua yangu ya tatu. Jumapili, 15 Machi. Kitinda, naitia hii kwenye bahasha ya jana maana bado sijaipeleka posta. Mwakilishi wa chama amepita sasa hivi: kikao kimesogezwa, ni tarehe 23, siyo 30. Bila wewe sina kitu. Njoo, au andika, lakini kabla ya 23. Njoo, mdogo wangu. Dada yako."

Nilikaa chini sakafuni nayo. Mimi ile bahasha nilifungua, nikasoma mpaka "Dada yako" ya kwanza, nikajua barua imeisha, nikairudisha. Sikuangalia kama kuna kingine ndani. Halafu nikakuandikia "nimepata barua yako ya pili", na wewe kwa haki yako ukajua na ya tatu nimeipata, maana zilisafiri pamoja. Ulikuwa unaukodolea macho mlango, na barua yako ilikuwa kwenye droo yangu, chini ya soksi.

Na hapo hapo sakafuni, Dada, nikaiona programu yangu.

Nilikuambia TCP haipotezi herufi. Ni kweli, na ndipo nilipojiroga. Haipotezi herufi, lakini haijui barua inaishia wapi. Kwake yote ni mfululizo mmoja, kama maji ya bomba. Ukimimina vikombe viwili haraka haraka upande huu, upande wa pili yanatoka maji, hayatoki vikombe. Anayekinga ndiye anayetakiwa kujua kikombe cha kwanza kimeishia wapi, na aendelee kukinga. Programu yangu ya wodini inakinga mara moja, inasoma mpaka mwisho wa jibu la kwanza, inadhani kazi imekwisha, inamwaga kilichobaki. Majibu mawili yakija yamegandana, la pili linamwagwa na hakuna anayelalamika. Na ile "nimepata" ya TCP inasema tu herufi zimefika kwenye mashine. Haisemi kuna aliyezisoma. Taa ya kijani niliiweka mimi, na mimi ndiye niliyeandika chini yake "imetumwa" watu wakaelewa "imesomwa".

Kwenye meza yangu nilituma moja moja, nikisubiri. Ningeendelea hivyo mwaka mzima nisingeona kitu. Jana nilituma mawili kwa pamoja, kama ulivyobonyeza wewe, mara hamsini. Mara arobaini na moja la pili halikuonekana. Asubuhi hii nimelinganisha kumbukumbu za maabara na za wodi tangu mfumo ulipowashwa. Majibu thelathini na moja yametoka kwenu na hayakuandikwa kule. Wauguzi walikuwa wanawapigia kuyaomba upya, wakisema maabara mnachelewa. Hili la namba sita ndilo ambalo hakuna aliyelipigia.

Sasa yale maelezo. Niliyaandika mimi na ni saini yangu. Bosi alinipa swali likiwa limeandikwa "mtaalamu wa maabara wa zamu", bila jina. Nilijua mko sita. Nilijua mmoja wa sita ni dada yangu. Sikuuliza, kwa sababu nilikuwa na uhakika, na mtu mwenye uhakika haoni haja ya kuuliza. Barua yako ya kwanza ilipofika nilipaswa kukwambia siku ileile. Niliogopa. Nilijiambia nitalimaliza kimyakimya kabla hujajua. Hakuna neno zuri la kuliita, niliogopa tu, nikakuacha.

Leo nimeandika kwa baraza. Nimewapelekea jaribio lenyewe hatua kwa hatua, waweze kulirudia wenyewe, na orodha ya yale thelathini na moja, na nimeandika kwamba maelezo ya tarehe 26 Februari ni ya uongo na mwandishi wake ni mimi. Nakala nimeituma kwa mwakilishi wa chama. Nimewaandikia pia hospitali waizime programu leo hii na warudi kwenye simu, kabla hajafa mwingine. Bosi ameniambia nikituma nisirudi ofisini. Nimetuma.

Juu nimeandika idadi ya karatasi kama alivyotaka Baba. Zihesabu. Programu mpya, hata akiitengeneza mwingine, ifanye hivyohivyo: kila jibu litangulize urefu wake, na wodi isitulie mpaka iupate wote, na taa isiwake mpaka muuguzi abonyeze kwamba amesoma. Jambo la mstari mmoja wa maandishi, Dada. Mstari mmoja ndio uliokosekana.

Kitinda

*

Barua yangu ya tatu, naituma tena
Karatasi: nne
Jumatatu, 6 Aprili

Dada, shikamoo.

Sijapata neno kwamba umeipata ya tatu. Hii ni ileile, nimeinakili upya herufi kwa herufi, na hii karatasi ya nne juu yake. Kama ya kwanza uliichana bila kufungua, ichane na hii. Nitatuma nyingine Jumatatu ijayo, na Jumatatu inayofuata.

Rufaa inafungwa tarehe 13. Mwakilishi wa chama anasema anahitaji saini yako, na ukienda kwake utaikuta fomu iko tayari. Usinifanyie mimi. Nenda tu, Dada, usiwaachie koti lako kwa ajili ya hasira zako juu yangu. Nakuomba kama nilivyokuwa nakuomba unishike mkono kuvuka barabara.

Nimekaa nyumbani sina kazi, nasikiliza kila anayepita kama ni wa barua.

Kitinda

*

Barua yangu ya tano
Karatasi: mbili
Ijumaa, 17 Aprili

Kwa Kitinda,

Nimepata barua yako ya tatu, mara mbili, na ile ya Jumatatu hii, ambayo ni mara ya tatu. Inatosha, mpishi wa kantini anadhani nina mchumba.

Nilisaini rufaa tarehe 10. Jana baraza limekaa. Walileta kompyuta mbili ukumbini, wakatuma majibu mawili kwa pamoja kama ulivyoandika, na la pili halikuja. Wakarudia. Halikuja. Mwenyekiti akavua miwani. Leseni yangu imerudishwa na jina langu limesafishwa kwa maandishi. Hospitali wameizima programu. Maabara simu inalia kutwa nzima, na metroni hafokei mtu.

Naanza zamu Jumatatu. Nimelifua koti.

Hayo ndiyo uliyotaka kujua. Kuhusu wewe na mimi sina la kusema kwa sasa. Ulinifanya nikamkana mtu ambaye ni mimi, na hilo baraza haliwezi kulirudisha.

Dada

*

(karatasi ya pili)

Umefika huku? Basi safari hii umehesabu.

Jana baada ya kikao nilipita hospitali, nikatoka kwa mlango wa mbele. Yule bwana alikuwa getini na ile futi shingoni. Nikamwendea mwenyewe kabla hajanisemesha. Nikamwambia, ingawa alishajua, siku ile uliniuliza nikasema simjui, nilikuwa nakudanganya, ni mimi. Nikamweleza jinsi nilivyoinua simu nikaiweka chini. Hilo baraza hawakuniuliza, lakini yeye anastahili kulijua. Nikamweleza na habari ya yale majibu mawili kugandana. Alisikiliza kama mtu anayesomewa barua ya lugha ya kigeni. Mwishoni akauliza, "Kwa hiyo wewe ulituma."

Nikasema nilituma.

"Na wodi hawakuona."

Hawakuona.

Akasema, "Basi kuna mtu katikati." Nikasema yupo. Akasema, "Ana jina?"

Nikamwambia ni mdogo wangu. Nilijua ningeweza kusema kampuni, au mashine, na angeondoka. Lakini nimechoka kumkana mtu. Akauliza kama utaweza kuja umwambie mwenyewe, kwa mdomo, polepole, mpaka aelewe. Hataki kukufanya kitu. Anasema kila mtu amempa karatasi, hakuna aliyekaa naye.

Nikamwambia utakuja. Sikukuuliza, nimekujibia.

Njoo Jumamosi ya tarehe 25. Anakaa chumba cha mbele cha nyumba yenye mlango wa bluu, cherehani bado ipo dirishani, na nguo za watu zimejaa mpaka kitandani. Nimeshaanza kumsaidia kuzipanga, baadhi ya wenyewe nawafahamu. Sijakusamehe, usije ukidhani hivyo. Lakini hutaingia mle peke yako. Nitakaa kiti cha pembeni yako mpaka umalize, hata ukishindwa kusema.

Baba amesimama nyuma yangu anasoma, hana adabu. Anasema blanketi lako ameshalianika.

Ukijibu, usiniandikie umepata barua. Andika umepata karatasi zote mbili.

Dada yako